Nishushe hapo Nakumatt

Wiki iliyopita nilipanda tuktuk Mwembe Tayari kwenda Nyali. Dereva alikuwa kijana mdogo, ndevu ndio kwanza zinamwota. Aliponiuliza nashukia wapi, maneno yakanitoka yenyewe: "Nishushe hapo Nakumatt." Hakuuliza Nakumatt ndiyo ipi. Alivuka daraja, akapita Kongowea, akanifikisha hadi City Mall, mahali ambapo zamani palikuwa na supamaketi ya Nakumatt, na sasa pana nyingine, Carrefour. Nikiwa natafuta chenji mkobani nikamuuliza kama aliwahi kuingia Nakumatt yenyewe.

"Mimi, mama? Hapana. Nasikia watu wakipaita hivyo, nami nikashika. Nilidhani ni jina la mtaa."

Nilisimama pale mlangoni kwa muda nikipisha watu na matoroli yao. Sisi tuliolea watoto Mombasa miaka ile, Nakumatt tuliijua kila pembe. Tulijua rafu ya unga iko wapi, maziwa wapi, na mtoto akipotea anapatikana wapi (kwenye baiskeli). Leo kijana anayeishi kwa kubeba watu kuwapeleka pale anadhani ni jina la mtaa. Ndipo nikaamua kuandika haya, kwa sababu anguko la Nakumatt kila mara husimuliwa kwa hesabu za mabilioni, nami nina njia nyingine ya kulieleza. Nimeipata kwa baba yangu, ambaye hakuwahi kusoma gazeti la biashara maishani mwake.

Baba alikuwa na duka la vyombo Mwembe Tayari. Sufuria, masinia, kanderinya, mabeseni, majiko ya makaa, mbuzi za kukunia nazi. Duka lenyewe upana wake ni mlango mmoja, na nusu ya bidhaa zilikuwa zinaning'inia nje kwenye kamba. Katika bidhaa zile, chache sana zilikuwa zake. Nyingine zote zilikuwa mali kauli.

Kwa asiyejua, mali kauli ni mali unayopewa kwa neno lako. Tajiri wa jumla anakupimia bidhaa, hulipi kitu siku ile, mnaandikiana daftarini, ukishauza unampelekea chake na faida unabaki nayo. Hakuna benki wala wakili. Tajiri wa Baba alikuwa mzee wa Kibohora aliyekuwa na ghala karibu na Marikiti, na kwa miaka ishirini na zaidi walifanya kazi hivyo, kila mmoja na daftari lake, na kila Alhamisi alasiri madaftari mawili yanalinganishwa.

Baba alikuwa na kopo la Kimbo, lile la kilo mbili, chini ya meza ya duka. Akiuza sufuria, anapiga hesabu palepale: hii ya tajiri, hii yangu. Ya tajiri inaingia koponi, yake inaingia mfukoni. Kopo halikuguswa. Nakumbuka dada yangu alipolazwa na malaria akiwa darasa la tatu, Baba alikwenda kukopa kwa fundi cherehani wa jirani, na kopo lilikuwa pale limejaa. Mama alimlaumu sana usiku ule. Baba alimjibu neno moja tu: "Zile si zetu."

Basi, Nakumatt ilipofungua Nyali, nilimchukua Baba nikampeleka akaone. Alikuwa amekwisha kuzeeka, anatembea kwa bakora. Watu wote wa umri wake walikuwa wanapasikia tu. Aliingia akavua kofia kama anayeingia nyumbani kwa mtu, akasimama chini ya kiyoyozi, akatazama juu. Halafu akaniambia nimpeleke penye vyombo.

Alikaa pale karibu saa nzima. Alichukua sufuria moja moja, akaipindua, akaigonga kwa kifundo cha kidole asikilize unene wa bati, akasoma bei, akairudisha palepale ilipokuwa. Kijana wa rafu alikuja kumuuliza kama anahitaji msaada, Baba akamuuliza, "Bei ya mwisho ngapi?" Kijana akasema bei ni hiyo iliyoandikwa, mzee wangu. Baba akatikisa kichwa taratibu. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwanangu, hivi vyote vimelipiwa?"

Nilicheka. Nikamwambia, Baba, duka kubwa namna hii litakosa kulipa?

"Sikuuliza kama wana pesa," akasema. "Nimeuliza kama vimelipiwa."

Sikujibu, maana sikuona swali lina maana gani. Tukaenda kununua mkate na maziwa tukarudi nyumbani. Baba alifariki mwaka 2013, kabla swali lake halijajibiwa na dunia.

Jina Nakumatt ni ufupisho wa Nakuru Mattress, kwa sababu wenyewe, ukoo wa kina Shah, walianzia kwenye duka la magodoro Nakuru. Na si hao tu. Tuskys, waliokuja kuwa wapinzani wao wakubwa, nao walikuwa Tusker Mattresses, wa Rongai, upande huohuo wa Nakuru. Naivas nao jina lao limetoka kwenye duka la kujihudumia la Naivasha. Sehemu kubwa ya biashara ya supamaketi za Kenya imetoka kwenye kipande kile cha Bonde la Ufa. Kilichonivutia siku zote ni hayo magodoro. Godoro halinunuliwi kila siku, lakini anayekuja kununua godoro ameoa, au amehamia nyumba mpya, au mtoto anakwenda shule ya bweni. Atahitaji na shuka, na ndoo, na sufuria, na sanduku la bati. Waliomuuzia godoro wakaona wamuuzie na vingine vyote.

Ndivyo Nakumatt ilivyokuja kuwa. Watu huiita supamaketi, lakini ilikuwa zaidi ya hapo. Mlikuwa na vitanda na makochi, televisheni, majiko ya gesi, nguo, viatu, vitabu, matairi. Kaulimbiu yao ilikuwa unachokihitaji, sisi tunacho, na kwa miaka mingi maneno yale yalikuwa kweli. Mimi friji yangu niliinunua pale mwaka 2011, kwa fedha za chama nilizozitunza miezi kumi na minne. Waliniletea hadi Majengo, vijana wawili wakaipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu, wakaiweka mahali nilipotaka, wakaniambia nisiiwashe hadi kesho yake gesi itulie. Karatasi ya dhamana ina alama ya tembo, nembo ya Nakumatt. Friji bado inafanya kazi. Naandika haya na inavuma nyuma yangu.

Kitu ambacho ningependa mwanangu mdogo angekikumbuka, naye alikuwa mchanga mno, ni zile usiku za Ramadhani. Duka lile lilikuwa halifungwi usiku. Baada ya tarawehe, joto la Mombasa likiwa limetushika shingoni, tulijaa kwenye gari la jirani, wanawake watano na watoto wasiohesabika, tukavuka daraja. Tulikuwa tunanunua vitu viwili vitatu tu: tende, maziwa ya daku, aiskrimu za watoto. Muda mwingi tulikuwa tukitembea tu. Tunakaa kwenye makochi ya maonyesho, tunafungua milango ya majokofu, tunabishana juu ya rangi ya mapazia ambayo hakuna atakayeyanunua. Hakuna aliyetufukuza hata siku moja. Wazee wetu walikuwa na baraza za kukaa nje wapate upepo, nasi tukapata baraza yenye kiyoyozi. Mwanamke wa Majengo alikuwa anaweza kukaa kochi moja na mke wa mkurugenzi wa Nyali, wote wakiulizia bei, na hakuna aliyejua nani ana fedha na nani hana hadi mfike kwa keshia.

Nalitaja hilo kwa sababu wengi wanapoizungumzia Nakumatt wanaanza na anguko, kana kwamba ilikuwa kosa tangu mwanzo. Haikuwa. Ilikuwa duka zuri sana.

Na ilikua kwa kasi. Mwaka 2008 ilivuka mpaka hadi Kigali, baadaye Kampala, kisha Tanzania, ambako mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite ya Dar es Salaam na Arusha. Kampuni kutoka Afrika Kusini inauza, na ya kwetu inanunua! Tulijivuna, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Ilipofika kileleni ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne.

Misiba ilikuwepo pia, na haikuwa midogo. Tarehe 28 Januari 2009 tawi la katikati ya Nairobi liliungua, na zaidi ya watu 20 wakafa ndani. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi waliingia Westgate, jengo la maduka la Nairobi, ambamo Nakumatt ndiyo iliyokuwa mpangaji mkubwa, wakaua watu 67. Duka la Westgate lilifunguliwa tena mwaka 2015. Nawajua watu wanaosema Westgate ndiyo iliyoiua Nakumatt. Mimi sikubaliani nao. Jengo moja haliangushi matawi sitini.

Nirudi kwa Baba na kopo lake.

Supamaketi ni mali kauli. Nililijua hilo kwa kuchelewa sana. Yule anayeleta maziwa, anayeleta mayai, anayeleta sabuni, wengi wao hawalipwi siku wanayoshusha mzigo. Wanapewa karatasi. Malipo ni baada ya siku 30, 60, hata 90. Lakini maziwa yanauzwa kesho asubuhi, kwa fedha taslimu. Kwa hiyo duka linakaa na fedha ya mwenye maziwa kwa majuma mengi kabla siku ya kumlipa haijafika, na kila siku zinaingia nyingine. Zidisha na mayai, na mchele, na televisheni, na matawi yote. Ni bahari ya fedha, na sehemu kubwa yake ni ya watu wengine.

Hakuna ubaya katika hilo. Baba aliishi hivyohivyo. Lakini Baba alikuwa na kopo.

Fedha ile ikitumika kufungua tawi jipya, tawi jipya nalo linajazwa bidhaa kwa mali kauli, linauza, na fedha inayoingia inalipa deni la tawi la jana. Mradi unaendelea kufungua, unaendelea kuonekana mzima. Nakumatt ilipanuka kwa njia hiyo, na juu yake ikachukua mikopo ya benki, na hati za mkopo wa muda mfupi walizonunua wawekezaji, ambazo zikiiva lazima zilipwe au zikopewe tena. Mkopo wa muda mfupi unajenga duka litakalochukua miaka kurudisha fedha. Fedha imekwisha kuwa vigae, majokofu, taa na kodi ya jengo. Huwezi kumlipa mwenye mayai kwa vigae.

Halafu mauzo yakapungua kidogo. Carrefour iliingia Kenya mwaka 2016, ikaanza pale The Hub, Karen, huko Nairobi. Bei zao zilivuta watu. Mwenye mayai ambaye amengoja siku tisini, akangoja na nyingine tisini, akaacha kuleta mayai. Mteja akija asikute mayai, hanunui na sabuni aliyokuja kuichukua pamoja nayo. Fedha inayoingia inapungua, na mwenye sabuni naye hapati. Akaacha. Mali kauli huanza kwa neno, na neno likishapoteza thamani hakuna cha kulishika mahali pake. Mwaka 2017 magazeti yalikuwa yamejaa picha za rafu tupu, na zingine zimejazwa bidhaa ya aina moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho ili zisionekane tupu. Wenye majengo wakaanza kuitoa, tawi baada ya tawi. Matawi ya Uganda na Tanzania yakafungwa.

Mwaka huohuo, tarehe 28 Agosti, serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki nchini kote. Mama alikuwa na mamia ya mifuko ya Nakumatt, ameikunja pembetatu kama sambusa na kuipanga chini ya godoro, maana kwetu mfuko mzuri hautupwi. Tuliitoa yote siku moja. Tembo juu ya tembo, gunia zima. Sikufikiria wakati ule kwamba naaga kitu.

Januari 2018 Mahakama Kuu iliiweka kampuni chini ya msimamizi, Peter Kahi. Madeni yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Miaka miwili alihangaika kuiokoa na haikuokoka. Matawi sita yaliyobaki yalinunuliwa na Naivas kwa shilingi milioni 422, na Januari 2020 wadai walikutana wakapiga kura kampuni ivunjwe.

Chukua hizo milioni 422 uzigawe sawa kwa bilioni 30. Kila aliyekuwa anadai shilingi moja haambulii hata senti mbili. Nao hawagawiwi sawa, maana benki yenye dhamana hutangulia. Aliyeleta mboga kwa pikipiki husimama mwisho wa foleni, na foleni ikimfikia, meza imekwisha kupanguswa. Hapo ndipo ninapoumia mimi. Watu husema Nakumatt ilianguka, kama vile kilichoanguka ni jengo na jina. Walioanguka ni wafanyakazi maelfu waliokuwa na sare na mshahara, na watu wa viwanda vidogo waliokuwa wakiamini kwamba ukishaingiza bidhaa yako kwenye rafu ya supamaketi, umefika.

Nakumatt haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Uchumi, iliyoanzishwa na serikali mwaka 1975, ilifungwa Juni 2006, ikafufuliwa, ikarudi kwenye soko la hisa mwaka 2011, na mwaka 2015 ikawa inajiondoa Uganda na Tanzania huku rafu zake zikikauka upya. Tuskys, ambao Nakumatt ilipoyumba walionekana ndio warithi, walianza kulemewa na madeni mwaka 2020. Wageni nao hawakusalimika wote: Shoprite walifungua Westgate, palepale Nakumatt ilipokuwa, mwishoni mwa 2018, na baada ya miaka miwili na kitu walikuwa wamekwisha kuondoka nchini.

Nina binti ya ami yangu anayetengeneza mabuyu. Si yale ya kukorogwa rangi tu, la, yake yana iliki na pilipili manga, na anayafunga vizuri kwenye vikopo vyenye lebo. Miaka kadhaa iliyopita supamaketi moja (si Nakumatt, na jina silitaji) ilimpa nafasi. Tulisherehekea, kweli tulisherehekea, tulipika biriani. Akaajiri wasichana watatu. Akapeleka mzigo wa kwanza, wa pili, wa tatu, mabuyu yakawa yanaisha rafuni kabla hajaleta mengine. Kila akiuliza malipo anaambiwa aje Ijumaa. Miezi mitano ya Ijumaa. Aliuza bangili zake mbili za dhahabu, za harusi, ili awalipe wale wasichana, kisha akafunga. Nilikwenda naye kwa sonara. Aliziweka juu ya kaunta, akatazama pembeni zilipokuwa zikipimwa.

Siku ile ndipo nilipolielewa swali la Baba. Akisimama pale penye sufuria, bakora mkononi, alikuwa anamwona mtu ambaye sisi hatukumwona: yule aliyeshusha mzigo mlango wa nyuma.

Baba alipofariki, tulifungua daftari lake. Alikuwa anadaiwa masinia kumi na mawili na kanderinya sita. Kopo lilikuwa na fedha yake kamili, hadi sarafu. Kaka yangu alilichukua kama lilivyo akalipeleka ghalani Alhamisi alasiri. Yule mzee wa Kibohora alikuwa amekwisha kumwachia mwanawe kazi, lakini alitolewa ndani kwa ajili ya kopo lile. Alizihesabu mwenyewe, akafuta mstari kwenye daftari lake, akaomba abaki na kopo.

Binti ami amerudi kutengeneza mabuyu. Anauza Kongowea, kwa mkono, fedha taslimu, na wauza duka wa Kisauni wanamfuata wenyewe. Juzi alinipigia simu usiku. Kuna supamaketi mpya imemtafuta, inataka vikopo mia tatu kila wiki, malipo baada ya siku sitini. Alikuwa na furaha na hofu kwa pamoja, nilizisikia zote mbili sautini mwake.

"Dada, nifanyeje?"

Tulipiga hesabu kwenye simu hadi saa sita usiku: sukari kiasi gani, vikopo kiasi gani, anaweza kukaa wiki ngapi bila kulipwa kabla hajagusa fedha ya kodi. Jibu lilikuwa wiki tatu. Asubuhi akawaandikia: nusu siku ya kushusha mzigo, nusu baada ya wiki tatu, na vikopo mia moja tu kwa kuanzia.

Leo ni siku ya nne. Bado hawajamjibu.